Ukiniuliza wapi pa kuendesha baiskeli Nairobi, jibu linaanzia 1948

Kila wiki lazima mtu anitumie swali lilelile. "Buda, ni wapi Nairobi naweza kuendesha baiskeli bila kugongwa? Iwe lami, iwe na miti kidogo, na nisirudi nyumbani nikinuka moshi wa matatu." Huwa najibu haraka haraka. Nenda Karura, ama amka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi upige Thika Road kabla watu hawajaamka. Natuma, naendelea na shughuli zangu.

Mwezi uliopita swali hilo lilitoka ndani ya nyumba yetu. Dadangu mdogo ana miaka 13. Alikuwa amenunuliwa baiskeli ya mtumba, rangi ya samawati, gia saba, breki ya nyuma inalia kama paka amekanyagwa. Akaniambia, "Wewe kila siku ni baiskeli, baiskeli huko kwa simu. Basi nipeleke mahali."

Sisi tunaishi Eastlands. Nikafungua ramani. Nilikuwa natafuta kilomita tano tu kutoka kwa geti letu, za lami, ambazo naweza kumwachilia huyu mtoto atangulie mbele yangu na nisitembee na roho mkononi. Nikasogeza ramani kushoto, nikasogeza kulia. Hakuna. Kila njia nzuri niliyoipata ilikuwa upande mwingine wa mji, na ili kuifikia ingebidi tupite kwanza penye hatari yote niliyokuwa natoroka.

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza. Hizi njia zilienda wapi? Ama hazikuwahi kuwa? Nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Nilichopata kitakuudhi kidogo, lakini vumilia, kwa sababu mwishoni kuna mahali pa kwenda na kuna kitu cha kufanya.

Guka na Black Mamba yake

Wa kwanza kuulizwa alikuwa guka. Alikuja Nairobi kutoka Murang'a miaka michache baada ya uhuru, akapata kazi kiwandani Industrial Area na chumba Jericho. Kitu cha kwanza kikubwa alichonunua na mshahara wake kilikuwa baiskeli, ile nyeusi nzito tunayoita Black Mamba. Fremu ya chuma, gia moja, na karia nyuma ya kubeba gunia la viazi ama bibi na mtoto kwa pamoja.

Kuna picha yake moja kwa albamu ya cucu. Amevaa suti, viatu vimeng'aa, mkono mmoja uko kwa usukani wa hiyo baiskeli. Amesimama vile mtu wa leo husimama kando ya gari lake jipya. Ukiangalia hiyo picha unaelewa kwamba hii hadithi ya "baiskeli ni ya maskini" haikuanza na watu wa kizazi chake. Kwao baiskeli ilikuwa heshima, na ilikuwa pia nauli ambayo haukulipa.

Nikamuuliza kama Jogoo Road ilikuwa na njia ya baiskeli ya maana wakati huo. Akacheka. "Njia gani? Barabara yenyewe ndiyo ilikuwa njia. Asubuhi ilikuwa kengele tupu. Gari likija, linakungoja."

Shika hiyo sentensi, kwa sababu inaeleza mengi. Guka alikuwa salama kwa sababu magari yalikuwa machache. Hakuna mtu alikuwa amekaa chini akamtengenezea usalama. Ulikuwa kama kivuli cha mti wa jirani. Unakaa chini yake miaka na miaka, kisha siku moja jirani anakata mti wake na huna la kusema.

Na mti ulikatwa polepole. Mwaka 1973 matatu zikaruhusiwa rasmi na Mzee Kenyatta kubeba abiria bila leseni zile za zamani, na zikawa ndizo zinaendesha mji. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kuingia Mombasa kwa wingi. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na nduthi zikajaa kila kona. Hata neno boda boda lenyewe lilikuwa la baiskeli. Lilianzia mpakani Busia, ambapo vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Baiskeli ilinyang'anywa mpaka jina.

Sisemi mambo haya yalikuwa mabaya. Matatu zilitufikisha shule. Nduthi zimelisha nyumba nyingi, pengine hata yenu. Ninachosema ni kwamba kila kitu kipya kilipoingia barabarani, hakuna aliyeuliza yule wa baiskeli atapita wapi. Alisukumwa ukingoni, halafu mtaroni, halafu akaacha.

Ramani ya wakoloni bado inatupangia Jumapili

Sasa hebu fanya jaribio. Chukua ramani ya Nairobi, uweke alama mahali pote ambapo mtu hukushauri uende kuendesha baiskeli kwa starehe. Karura. Gigiri. Karen. Muthaiga. Barabara za majani chai za Tigoni na Limuru. Umeona kitu? Zote ziko kaskazini na magharibi. Mashariki, ambako watu wamejaa, ramani ni tupu.

Hii si bahati mbaya. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Tangu mwanzo mji uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua upande wa juu, kwenye udongo mwekundu, vilima, mito midogo na hewa baridi. Wahindi wakapewa maeneo kama Parklands na Eastleigh. Mwafrika akawekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaoshika maji, karibu na reli na viwanda, ili afike kazini kwa miguu.

Mwaka 1948 ukaja mpango mkuu wa mji, ulioandikwa na Thornton White na wenzake. Cheo chenyewe kilisema wazi kwamba ni mpango wa mji mkuu wa koloni. Ulizungumzia mitaa iliyopangwa vizuri na maeneo ya kijani, na ukiisoma ramani yake leo utakuta sura ya mji unaoujua. Nyumba kubwa kwenye miti mingi upande mmoja, nyumba ndogo za wafanyakazi zilizobanana upande mwingine. Msitu wa Karura ulikuwa tayari umetangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na mbuga ya Nairobi ikafunguliwa 1946. Vyote vilikuwa starehe ya nani? Si ya mtu wa Pumwani.

Kinachoniuma ni hiki. Eastlands ni tambarare. Waulize watu wa baiskeli, watakwambia tambarare ni zawadi. Mtoto anaweza kujifunza hapo, mzee anaweza kuendesha hapo, hauhitaji gia 21. Huko juu penye miti kuna vilima vya kukutoa jasho la damu. Yaani mahali Mungu alipopanga baiskeli iende kwa urahisi ndipo binadamu alikataa kuweka njia na kivuli.

Uhuru ulipokuja, bango zilibadilishwa. Doonholm Road ikawa Jogoo Road, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Majina yalihama upande wetu, miti haikuhama.

Kilomita tulizopewa, na karatasi tuliyoandikiwa

Kuwa mkweli kidogo: siyo kwamba hakuna kilichojengwa. Tarehe 9 Novemba 2012 Rais Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika. Ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 50 na iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30. Watu wengi wanakumbuka leni nane na madaraja ya juu. Mimi ninachokumbuka kutoka utotoni ni ile njia ya pembeni iliyotengwa kwa baiskeli na miguu. Kwa mara ya kwanza barabara kubwa Kenya ilikubali kwamba kuna mtu asiye na injini.

Na bado naipenda. Jumapili alfajiri, ukitoka upande wa Roysambu ukielekea Kahawa, unaweza kwenda dakika nyingi nzuri bila kushika breki. Lakini nenda siku ya kazi saa kumi na mbili jioni. Njia yako imekuwa stejini. Hapa kuna mama wa mahindi choma, hapa kuna nduthi sita zimepangwa, pale kuna gari limeegeshwa na mwenyewe ameenda kununua nyama. Mahali pengine njia inafika kwenye makutano na kuisha tu, bila kwaheri, na wewe na baiskeli yako mnajikuta mbele ya lori.

Simlaumu mama wa mahindi. Hakutengewa mahali pa kuuzia, na mimi nikichoka namnunulia. Lakini hiyo inakuonyesha kwamba njia ya baiskeli si rangi ukingoni mwa lami. Lazima mtu apange pia stejini itakaa wapi, muuzaji atakaa wapi, maji ya mvua yataenda wapi, na nani atarudi mwaka wa tano kuziba mashimo.

Baada ya Thika Road kulikuwa na matumaini. Gigiri, UN Avenue ilikuwa tayari imetengenezwa upya kama mfano wa barabara ya kushiriki: magari, miguu na baiskeli, kila mtu na upande wake. Nzuri sana, safi, na miti ipo. Ni chini ya kilomita mbili. Ngong Road nayo ilipopanuliwa, ikapata njia za pembeni. Na Machi 2015 Kaunti ya Nairobi ikazindua sera ya usafiri usiotumia injini. Sera hiyo iliahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara itaenda kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli.

Soma hiyo sentensi tena. Asilimia 20. Katika mji ambao karibu watu wanne kati ya kumi hufika waendako kwa miguu tu, hiyo hata si nyingi. Na katika nchi ambayo kila mwaka kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani ni la watu wanaotembea, hiyo ni hesabu ya uhai. Sasa toka nje uangalie barabara ya mtaa wenu, uniambie kama unaiona hiyo asilimia 20.

Tulichoona badala yake, mwaka 2022, ni Nairobi Expressway. Kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ukiwa na gari na pesa ya ushuru, unapaa juu ya jam kama malaika. Baiskeli haziruhusiwi huko juu, wala pikipiki, wala mtu wa miguu. Sawa, hiyo naielewa, ni barabara ya kasi. Lakini chini yake, ambako sisi ndio tulibaki, miti mingi ya Mombasa Road na Waiyaki Way ilikuwa imeng'olewa, na kivuli tulichobakishiwa kwa sehemu kubwa ni cha nguzo za saruji.

Kuna mti mmoja uliokoka. Pale Westlands kulikuwa na mugumo mkubwa wa zaidi ya miaka mia ambao ulipaswa kung'olewa. Watu walisimama, wakapiga kelele mtandaoni, wakaenda pale wenyewe na mabango. Novemba 2020 likatoka tangazo rasmi la kuuhifadhi, na barabara ikajengwa bila kuugusa. Weka huo mti akilini, tutaurudia.

"Lakini sisi si Uholanzi"

Nikiongea haya, kuna jamaa lazima aniambie, "Wewe unaota. Hizo ni vitu za Wazungu wa Uholanzi, wale walizaliwa na baiskeli."

Hapana. Walizitupa kabla hata yetu. Baada ya vita vya pili vya dunia, Waholanzi walinunua magari kama kila mtu. Wakabomoa mitaa ya zamani kupanua barabara, wakageuza viwanja vya katikati ya mji kuwa maegesho. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 waliuawa kwenye barabara za nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto.

Kati ya waliompoteza mtoto kulikuwa na mwandishi wa habari, Vic Langenhoff. Aliandika makala gazetini, na kutoka hapo kukazaliwa vuguvugu lililoitwa Stop de Kindermoord, maana yake komesheni mauaji ya watoto. Angalia jina. Hawakuita ajali. Wazazi walifunga mitaa yao ili watoto wacheze. Watu waliandamana na baiskeli. Halafu mwaka huo wa 1973 mafuta yakapanda bei duniani, serikali ikatangaza Jumapili bila magari, na watu wakaona kwa macho yao vile mji unaweza kukaa. Njia zile nyekundu nzuri unazoona kwenye video zilijengwa baada ya hapo, kwa miaka mingi, kipande kwa kipande, kwa sababu kuna watu walikataa kunyamaza.

Ukisema Ulaya ni mbali, basi njoo karibu. Kigali imekuwa na siku bila magari tangu 2016, na siku hizi ni Jumapili mbili kila mwezi. Barabara zinafungwa asubuhi, watu wanakimbia, wanaendesha, watoto wanateleza na viatu vya magurudumu. Kigali ni vilima juu ya vilima, na hawakungoja wawe matajiri kwanza. Kufunga barabara kwa masaa matatu hakuhitaji lami mpya. Kunahitaji koni na askari wachache.

Na talanta tunayo. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha kukanyaga pedali ni David Kinjah, kule Kikuyu, kwenye nyumba iliyojaa vijana na baiskeli za kuunganishwa. Tulitoa mtu wa kushinda mbio kubwa kuliko zote duniani, na bado siwezi kumpeleka dadangu kilomita tano.

Karura haikupatikana

Sasa turudi kwa lile jibu langu la haraka: nenda Karura. Nimelitoa mara mia, bila kufikiria kwa nini Karura ipo ili niitaje.

Mwaka 1998 Wakenya waligundua kwamba vipande vya msitu huo vilikuwa vimegawiwa watu binafsi wajenge majumba. Trakta zilikuwa tayari zimeingia. Profesa Wangari Maathai, ambaye miaka tisa kabla alikuwa amezuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, akaenda na watu wake wa Green Belt Movement kupanda miti palepale palipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi, pamoja na wabunge na waandishi wa habari, wakitaka kupanda mti mmoja tu pale getini. Walivamiwa na genge la wanaume lenye silaha. Wangari alipasuliwa kichwa. Alienda kituo cha polisi kuandikisha taarifa huku damu ikimtoka, na alitia sahihi kwa damu hiyo hiyo.

Wiki hizo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Watu wa umri wako na wangu. Walipigwa, wakarushiwa vitoa machozi, lakini kelele haikuisha. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Hata hapo hadithi haikuisha. Kwa miaka kadhaa Karura ilibaki mahali pa kuogopwa, pa majambazi, na mama alikuwa akikwambia usikaribie. Ilibidi baadaye majirani waungane kwenye kikundi cha Friends of Karura Forest, washirikiane na Huduma ya Misitu, waweke ua wa umeme, waajiri walinzi na kufungua vijia. Leo kuna karibu kilomita 50 za vijia kwenye msitu wa takriban hekta 1,000, na kama huna baiskeli unakodisha hukohuko ndani.

Si lami, nikwambie ukweli. Ni udongo, na mvua ikinyesha utarudi ukiwa kama umepakwa chokoleti. Lakini ni salama, ni pazuri, na mtoto anaweza kutangulia mbele.

Sisi huongea juu ya "kutafuta" njia salama, kama vile ni shilingi imeanguka chini ya kiti. Ndiyo maana mnaniuliza mimi "ni wapi." Lakini kila mahali pazuri pa kuendesha baiskeli ambapo nimewahi kukutajia, kuna mtu alipadai. Kuna mtu aliketi kwenye mikutano ya kuchosha. Kuna mtu alimwaga damu. Mahali ambapo hakuna aliyedai, kama mtaani kwetu, ramani bado inafanana na ile ya 1948.

Kilomita tano

Basi mimi nimeamua kudai kitu kimoja, kidogo, chenye kipimo. Kilomita tano Eastlands. Za lami, zenye miti, zenye kingo za kuzuia nduthi, na zisizoishia kwenye makutano.

Zitapita wapi? Fikiria mito. Nairobi River inatoka magharibi ikishuka mashariki hadi kwetu. Pale karibu na Globe, palipokuwa jaa la takataka na gereji, leo kuna Michuki Park, yenye miti na njia za kutembea kando ya maji. Kwa hiyo inawezekana. Lakini nitasema na hili kwa sauti, kabla mtu hajanitumia kama kisingizio. Mwaka 2024 baada ya mafuriko, nyumba za watu kandokando ya mito zilibomolewa na familia zikalala nje. Sitaki njia ya starehe yangu ijengwe juu ya godoro la mtu. Njia nzuri ni ile ambayo anayeishi hapo ndiye wa kwanza kuitumia, kwenda kazini na kurudi.

Cha kufanya ni hivi. Katiba ya 2010 inasema lazima umma ushirikishwe, na mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, kwa hiyo mikutano ya bajeti hufanyika miezi ya kabla ya hapo. Huwa inajaa wazee na viti vitupu. Nenda. Beba ile ahadi ya asilimia 20 ya 2015, uulize iko wapi kwa wadi yenu, kwa barabara gani, kwa shilingi ngapi. Uliza kwa heshima, uliza tena mwaka ujao. Ukitaka wenzako wa kuendesha nao huku tukingoja, Critical Mass Nairobi hukutana kila mwezi, na kundi kubwa la baiskeli matatu huliheshimu, hata kama ni kwa hasira.

Na dadangu? Nilimpeleka Karura. Tulipanga baiskeli mbili ndani ya Probox ya jirani, nikalipa mafuta, tukavuka mji mzima kwa gari ili tuendeshe baiskeli. Akaanguka mara mbili, akachubuka goti, akakataa kupumzika. Tuliporudi jioni tulikwama kwa jam Muthurwa, na kupitia dirishani akaona jamaa mmoja mzee na Black Mamba, kreti ya mayai nyuma, anajipenyeza katikati ya matatu mbili.

"Huyo hana helmeti," akasema.

Hana. Na hana njia pia, na amekuwa akipita hapo tangu kabla mimi na wewe tuzaliwe. Hizo kilomita tano, tukizipata, yeye apite kwanza.

Nitaenda kwa mkutano wa bajeti wa wadi yetu ukitangazwa, na nitawaambia hapa yatakayosemwa, yawe mazuri au ya kuudhi. Kwa sasa, ukiendesha Jumapili, toka mapema, washa taa ya nyuma, vaa helmeti. Na ukiwa unajua kipande cha lami salama Eastlands ambacho sikukiona, hata kama ni nusu kilomita, niambie. Dadangu anangoja.